Mwiko wa Mninga wa Madaba

Wifi yangu Paskalina alikuwa na wivu, na sisemi hivyo kumchongea, maana mwenyewe alikuwa akijisema. Alipotoka kwao Madaba kuja kuolewa na kaka yangu hapa Mjimwema alikuja na godoro, cherehani na wivu wake, na katika hivyo vitatu ni cherehani peke yake iliyowahi kuharibika.

Alimwonea wivu kila mtu. Kulikuwa na mwalimu wa kike aliyehamia mtaani kwetu kutoka mkoa wa kaskazini, dada wa watu mpole, kazi yake kupita na madaftari kwapani. Akimsalimia kaka yangu asubuhi, Paskalina ataichambua ile salamu mpaka chakula cha jioni. Kwa nini ameuliza habari za kazi na si habari za nyumbani? Kazi ya Oswald inamhusu nini? Nami sikusalimika, ingawa ni dada wa tumbo moja, kwa sababu Oswald alikuwa na desturi ya kuniwekea kichwa cha samaki. Paskalina alianza kukitafuna yeye, mifupa na macho, na samaki hata hampendi.

Basi na mimi Lidwina nisijifanye malaika. Mama yetu alituacha wadogo, mimi ndiye niliyempikia Oswald, nikamfulia, nikamtafutia fundi wa kumfundisha useremala. Halafu akaja mwanamke wa Madaba na funguo za nyumba zikahamia kiunoni kwake. Nilikuwa namwonea kijicho kila nilipoziona. Tukaishi hivyo, mimi nyumba ya pili, yeye ananichunga na mimi namchunga, na Oswald katikati yetu ananenepa.

Hiyo ilikuwa miaka biashara ilipofunguliwa. Vitu tulivyozoea kuvipangia foleni vikatandazwa chini sokoni, sabuni, vitenge, mashati ya mitumba, mpaka mtu unachoka kuchagua. Wenye mitaji wakajenga maghala ya mahindi, na majambazi nao wakapata pa kwenda. Lori likaporwa njia ya Njombe, duka la mtu likavunjwa, na polisi wakapewa kazi ya kulinda maghala ya matajiri. Askari vijana, wengi wageni wa baridi yetu, walikuwa wanakesha nje wakitetemeka na kuona jambazi katika kila kichaka.

Karakana ya Oswald ilikuwa kando ya barabara. Mwaka mmoja baba yake Paskalina alimletea gogo la mninga kutoka shambani kwake, lilipandishwa juu ya lori la viazi. Lilikuwa gogo zuri, na katikati yake ulipita mshipa mweusi uliojikunja kama mkia wa panya. Paskalina alitoa maagizo siku ile ile. Mbao zifanywe mlango wa jiko lake, na kipande kitakachobaki achongewe mwiko.

Sio mwiko wa kusongea ugali wa nyumbani. Alitaka ule mrefu wa kufika kifuani, wa kusimama nao na kukoroga pipa la komoni, pombe yetu ya kimea, au sufuria ya ugali wa watu wengi. Kwetu mwanamke mwenye mwiko wa namna hiyo hajipeleki kwenye harusi wala msiba, anafuatwa. Akifika anapishwa, na wengine wanaulizwa kama chumvi inatosha baada ya yeye kuulizwa. Usipokuwa nao unapewa masufuria ya kusugua. Paskalina alikuwa amesugua masufuria ya wenye miiko tangu aolewe, na kila akirudi nyumbani alikuwa akimsimulia mumewe nani alisimama wapi na alijiona vipi.

Mlango wa jiko ulichongwa, ukapendeza. Mwiko ukawa wa wiki ijayo, kisha baada ya Pasaka, kisha mvua zikipungua. Kipande cha mninga kilikaa pembeni ya karakana, na Paskalina alikuwa akipita kukiangalia kila akienda sokoni. Siku moja hakikuwepo. Oswald alisema amekifanya miguu ya kiti cha mteja.

Wakati huo alikuwa na kazi ya kuezeka nyumba ya mtumishi mmoja wa serikali kule Ruhuwiko, na alianza kulala huko huko kwa madai kwamba analinda mabati yasiibiwe. Paskalina alikuwa akinusa mashati yake yakirudi. Alinijia nyumbani akiwa ameshika shati moja mkononi, akanisukumia puani.

"Wifi, nyumba gani hii inaezekwa kwa kimea?"

Nilimwambia seremala naye hunywa pombe. Lakini nilijua, kwa sababu mji wetu ni mdogo na mdomo wake ni mkubwa. Jirani na ile nyumba aliishi Brigita, mwanamke aliyeachwa na mumewe, mpishi wa komoni, mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Sikumwambia Paskalina. Nitakuwa mkweli zaidi: nilifurahi kidogo kwamba hata zile funguo za kiunoni hazikufunga kila kitu.

Mwezi wa saba, alfajiri ya ukungu mzito, Oswald alipigwa risasi na polisi barabara ya Ruhuwiko, karibu na ghala la mahindi. Kabla jua halijakausha umande tulikuwa tumeshaambiwa. Taarifa ya polisi ilisomwa sokoni kwa kipaza sauti: jambazi mmoja ameuawa akijaribu kuvunja ghala, alikuwa na gobore, aliamriwa kusimama akakaidi. Walilitaja jina lake lote, na jina la baba yetu likiwa ndani yake. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya nyanya, na muuza nyanya aliyenijua tangu utoto akaangalia pembeni.

Kaka yangu hakuwahi kushika gobore. Alikuwa anaogopa hata kuchinja kuku. Lakini alitafuta nini ghalani alfajiri, kama kazi yake ilikuwa upande wa pili wa barabara? Hilo ndilo watu waliloulizana, na sisi hatukuwa na jibu. Paskalina nadhani alikuwa nalo. Alikaa kwenye mkeka wa msiba, kitambaa kichwani, hakulia kwa sauti, na kila mwanamke mgeni aliyeingia alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu.

Tulizika. Waliokuja walikuwa wengi, na nilielewa kwamba hawakuja wote kwa ajili ya Oswald. Walikuwa wameshaanza kujiuliza, kama fundi wa mtaa anaweza kuondoka nyumbani fundi na kurudi jambazi, basi nani mwingine? Tangu siku ile mtu akiibiwa kuku haendi kituoni. Duka la jirani lilipovunjwa mwenyewe aliwaita majirani wamlindie kufuli iliyobaki. Askari akiingia kilabuni, watu wananyanyuka mmoja mmoja kama waliokumbuka shughuli.

Mkuu wa polisi alileta ubani. Gari lilisimama nyumbani, wakashusha unga, sukari na maharage, vingi kuliko vilivyoletwa na mtu yeyote. Wanawake wa jikoni hawakunyoosha mkono. Kwetu mtu akikuletea kata ya pombe huionja kwanza mbele yako, ujue haina kitu, ndipo unapokea. Basi mama mmoja mzee, Mama Kunegunda, aliyekuwa kiongozi wa jumuiya yetu, akasema kwa upole kabisa kwamba unga utasongwa sasa hivi na wageni waliouleta wataanza kula. Yule mkuu alicheka akidhani anataniwa. Alipoona hakuna anayecheka alisema wana haraka, wakapanda gari. Unga ulikaa barazani mpaka ukalowa umande, na hakuna mbwa aliyefukuzwa.

Kesho yake ndipo Brigita alikuja.

Alikuja na kitu kirefu amekifunga kwa kitenge. Waliokuwa jikoni walidhani amekuja kusaidia kupika, wakamsogezea nafasi penye sufuria. Yeye alikuwa ananitafuta mimi, dada wa marehemu, anikabidhi kilicho chetu, kwa kuwa vyombo vya marehemu havikai nyumba nyingine wakati matanga hayajaanuliwa. Alipokifungua kile kitenge ukatokea mwiko. Ulikuwa mrefu wa kufika kifuani, wa mninga uliosuguliwa vizuri upande mmoja na upande wa pili bado una makovu ya patasi. Mshipa mweusi ulipita katikati ya bapa.

Paskalina aliuona kutoka kwenye mkeka. Mjane hatakiwi kunyanyuka pale bila kushikwa mkono, lakini alinyanyuka. Alipita katikati ya wanawake bila kumkanyaga hata mmoja, akauchukua mwiko mikononi mwa Brigita, akaugeuza akauangalia mpini. Mwishoni mwa mpini Oswald alikuwa akikata alama yake, msalaba mdogo wa pembe nne, kwenye kila kitu alichotengeneza. Ulikuwepo.

"Karibu msibani," Paskalina alimwambia. Kisha akausukumiza mwiko ndani ya moto uliokuwa chini ya sufuria, ukitangulia mpini, akarudi kukaa kwenye mkeka wake.

Mimi ndiye niliyeuchomoa. Mninga hauungui haraka, ila mpini ulikuwa umeshashika moto na nilipouzima kwa maji ulikuwa umepungua sana na ule msalaba haupo. Nilipokuwa naupangusa majivu kidole changu kiliingia kwenye tundu. Lilikuwa kwenye bapa, duara, limechanika kwa nyuma. Nilimtazama Brigita, naye alikuwa analia kimya akijiziba mdomo na kile kitenge.

Nilimpeleka nyuma ya nyumba, akanieleza. Oswald alikuwa amelala kwake. Mwiko alikuwa amemchongea yeye, na kwa kuwa upande mmoja ulikuwa unakwaruza pipa, aliondoka nao alfajiri akaulainishe karakanani kabla mafundi wenzake hawajafika. Brigita alikuwa mlangoni bado, akisikiliza hatua. Alisikia mtu akifoka simama, akasikia Oswald akisema kwa sauti yake ya kawaida, mimi fundi, mimi fundi jamani, na mlio. Alikimbia. Ukungu ulipotoa nafasi alimwona chini na mwiko umerukia mtaroni. Askari wawili walikuwa wakibishana juu yake, kisha wakambeba kwenye gari. Gobore hakuliona. Wao hawakuuona mwiko. Aliuokota, akauosha damu, akajifungia ndani. Alikuwa akiwaogopa polisi na alikuwa akimwogopa Paskalina, na sina hakika ni nani aliyemtisha zaidi.

Nilimchukia. Kaka yangu alikuwa amekufa akiwa na kazi ya mikono yake kifuani, na maneno yake ya mwisho aliyasikia mwanamke huyu, si mimi. Hata hilo niliona ameninyang'anya. Lakini alikuwa ndiye mtu pekee duniani aliyeweza kusema Oswald hakuwa jambazi, kwa hiyo nilimpa maji ya kunywa.

Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwishowe ikatangazwa kwamba hakimu atachunguza kifo kile hadharani, katika ukumbi wa kata. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Brigita akisimama peke yake, nani atamwamini? Mpishi wa pombe, hawara wa marehemu, na mwiko wenyewe umeungua mahali palipokuwa na alama. Angehitajika mtu wa kusema kwamba kweli ule ni mwiko wa Oswald, na mtu wa pekee aliyelijua lile gogo kuliko alivyoyajua meno yake alikuwa mke wake.

Nilikwenda kumwomba. Paskalina alikuwa anashona, na hakusimamisha cherehani. Nilimweleza yote, risasi, mtaro, ukungu. Nilimwambia jina la mumewe liko mikononi mwake, na jina la baba yangu pia. Cherehani iliendelea.

"Unataka nisimame mbele ya mji mzima," alisema mwishoni, "niwaambie mume wangu alikuwa analala wapi."

Nilimwambia mji mzima unajua.

"Unajua. Haujasikia kwangu." Alikata uzi kwa meno. "Kile kipande nilikiomba mimi, wifi. Mti wa baba yangu. Nimesugua masufuria ya watu nikikisubiri. Unataka niende kumshuhudia mwenzangu kwamba alipewa?"

Nilirudi kwangu nikiwa nimekasirika, na kilichoniudhi zaidi ni kwamba ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Siku ya uchunguzi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Hakimu alikaa mbele, mwiko uliowekwa mezani ulionekana mdogo na mchafu, na pembeni yake likawekwa lile gobore. Askari aliyefyatua risasi alikuwa konstebo Dastan, kijana mwembamba ambaye hakuinua macho. Aliyezungumza kwa niaba yao alikuwa inspekta mmoja wa suruali iliyonyooshwa vizuri. Daktari alisema kwenye jeraha alikuta vibanzi vya mbao. Inspekta alimjibu kwamba marehemu alikuwa seremala, vibanzi anavyo mwili mzima.

Brigita alisimama akaeleza. Hakulia, akasema vizuri, na haikusaidia. Inspekta alimuuliza anaishi kwa kazi gani, na nani anamlipia kodi, na kama ni kawaida yake kupokea waume za watu. Watu wengine walicheka. Kisha akaushika mwiko kwa vidole viwili. Alisema miiko ya namna hii ipo kila nyumba ya pombe, tundu linaweza kutobolewa na mtu yeyote kwa msumari wa moto, na mahali ambapo tungeweza kuona alama ya fundi pameunguzwa, sijui kwa nini. Nilijua kwa nini. Nikamlaani Paskalina kimoyomoyo kwa kila jina nililolikumbuka.

Hapo watu wa mlangoni wakaanza kupisha. Kwanza liliingia gurudumu la mkokoteni, halafu mlango. Paskalina alikuwa ameung'oa mlango wa jiko lake na bawaba zake, akamwajiri mtu wa mkokoteni, akautembeza kutoka Mjimwema mchana kweupe. Alikuwa bado na nguo za msiba. Alipita karibu yangu hakunitazama, akapita karibu ya Brigita akavuta kanga yake isimguse.

Hakimu alimuuliza yeye ni nani, akajitaja. Akaulizwa kama anaufahamu mwiko ulio mezani.

"Naufahamu. Mti ni wa baba yangu. Mkono ni wa mume wangu. Alichongewa huyu."

Hakumwonyesha kwa kidole. Hakukuwa na haja.

Inspekta alisimama akauliza, kwa heshima, anawezaje kutofautisha mti na mti. Paskalina aliomba mlango ulazwe sakafuni. Akachukua mwiko mezani bila kuomba ruhusa, akauweka juu ya ubao wa chini, akausogeza mpaka ule mkia wa panya mweusi ulipotoka mlangoni ukaingia kwenye bapa bila kukatika. Hakimu mwenyewe alinyanyuka kuja kuangalia. Waliokuwa madirishani walipandana mabegani.

"Hiki kipande nilikiomba," Paskalina alisema. "Kilipopotea niliambiwa kimekuwa miguu ya kiti. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kukagua viti vyote alivyouza. Nimewainamishia watu viti vyao, wapo humu ndani, waulizeni."

Kulikuwa na minong'ono, kwa sababu kweli walikuwamo. Mama Kunegunda alisema kwa sauti kwamba hata cha kwake kiliinamishwa. Hakimu akauliza nani aliyeuchoma mpini.

"Mimi. Kwa wivu." Alivyosema ungedhani anataja kabila lake. "Msalaba wa mume wangu ulikuwepo nikaona ameuweka kwenye kitu cha mtu mwingine. Nikautia motoni, na ningemtia na mwenyewe."

Inspekta aliona upenyo. Alimuuliza kama basi anakubali mbele ya watu wote kwamba mumewe alikuwa akitoka kulala kwa hawara. Nilimwona wifi yangu akishusha pumzi.

"Nakubali. Mume wangu alikuwa mwongo na alilala nje. Mwizi hakuwa. Mlimkuta na dhambi aliyonikosea mimi, ya kumdai mimi, ninyi mkampa nyingine." Akageukia watu. "Kama kuna anayedhani nimetoka nyumbani kwangu kuja kumpendelea huyu mwanamke, aseme."

Hakuna aliyesema. Ninavyoujua mji wetu, ungeweza kumleta askofu aape na bado wangekuwepo wa kutilia shaka. Lakini hakuna hata mmoja ambaye angeweza kuamini kwamba Paskalina angemtungia Brigita uongo wa kumsaidia. Wivu wake tulikuwa tumeukagua kwa miaka yote ile, viti na salamu na vichwa vya samaki, na tulijua haujachanganywa na kitu. Hata mwandishi wa hakimu alikuwa ameacha kuandika.

Ndipo konstebo Dastan aliposimama bila kuitwa. Alisema anaomba kubadilisha maelezo yake. Alisema aliona mtu katika ukungu ana kitu kirefu, akamwambia simama, na mtu akasimama. Akauinua mwiko mbele ya kifua ili aonyeshe, na yeye Dastan akafyatua kwa woga. Gobore aliliona kwa mara ya kwanza kituoni, likitolewa stoo na sajini wake, aliyemwambia kijana tulia, hili litakwisha. Inspekta alimwamuru akae. Hakukaa mpaka alipomaliza.

Hakimu aliandika kwamba Oswald aliuawa akiwa hana silaha wala kosa, na taarifa ile ya sokoni ikasomwa upya kwa kipaza sauti kile kile. Nilikwenda kusimama kwenye meza ya nyanya makusudi. Dastan alishtakiwa, akafungwa. Sajini naye alishtakiwa kwa ajili ya gobore, kesi ikaahirishwa na kuahirishwa, na aliyekuwa mkuu wao alihamishwa tu, jambo ambalo mimi siliiti jibu. Watu hawakuanza kuwapenda polisi. Ila aliyeibiwa kuku mmoja alijaribu tena kwenda kituoni, akarudi na kusimulia kwamba walau walimwandikia.

Mambo ya mahakamani yalipokwisha tuliitwa kuchukua vielelezo. Mlango ulikuwa na mwenyewe. Karani akaunyanyua mwiko akauliza, huu je, ni wa nani? Brigita alikuwepo, aliitwa kama sisi. Alikuwa ameangalia sakafu.

"Lete hapa," alisema Paskalina. "Mti wetu, mume wangu, na hilo tundu ni langu." Akautia kwapani tukaondoka. Nilikuwa namwonea kijicho tena, safari hii kwa sababu mimi sikubakiwa na kitu chochote chenye mkono wa kaka.

Mwaka ulipotimia tulifanya misa ya kumbukumbu, na nyumbani tukapika komoni. Mkuu mpya wa polisi alikuja na mfuko wa unga. Sijui alifundishwa na nani, maana alingoja mpaka ugali uliposongwa, akamega tonge mbele ya Mama Kunegunda, akala. Ndipo wanawake wakaupokea ule mfuko.

Komoni ilikuwa imemshinda Paskalina. Fundi wa cherehani si fundi wa kimea, na pipa lilikuwa linataka mtu anayejua. Mimi nilidhani ataniita. Alimtumia mtu Brigita.

Brigita alifika na kanga mbili, akasimama mbali kidogo na pipa, mikono mitupu. Wanawake wote waliacha walichokuwa wakifanya. Paskalina aliingia jikoni kupitia ule mlango wake, akatoka na mwiko, akamnyooshea.

"Koroga," alimwambia. "Ukimaliza unirudishie."

Brigita alikoroga. Mpini ulikuwa umeshaliwa na moto, kwa hiyo ilimbidi ainame sana, mgongo chini, uso kwenye mvuke. Wifi yangu alivuta kigoda akakaa palepale kumwangalia, na hakuondoka mpaka aliporudishiwa mwiko mkononi.